Timu Ipi Inaipa Ligi Uzito? Pac-12 Baada ya Kubomoka

Aprili 8, 1978, mjini Berkeley, California, mwanafunzi Mkenya aitwaye Henry Rono alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4 akavunja rekodi ya dunia. Mwezi uliofuata, mjini Seattle, akavunja ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kabla Juni haijaisha alikuwa amekwisha kuvunja nyingine mbili Ulaya, moja Vienna na moja Oslo. Rekodi nne kwa siku 81. Chuo kilichokuwa kikimsomesha ni Washington State, kilichopo Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano mashariki mwa jimbo la Washington. Wakenya wengine, John Ngeno na Samson Kimobwa, nao walikimbia hapo chini ya kocha huyohuyo, John Chaplin.

Rono alifariki Februari 2024. Kiangazi cha mwaka huo huo ligi ambayo chuo chake kilishiriki, Pac-12, inayohesabu umri wake tangu 1915, ilitawanyika. Vyuo 10 kati ya 12 viliondoka. Vilibaki viwili tu, Washington State na Oregon State. Riadha haikuwa na kosa lolote katika hilo, wala kuogelea, wala voliboli. Kilichoibomoa ligi ni futiboli ya Kimarekani, na swali ambalo wakuu wa ligi zote za vyuo nchini humo hulijadili kila mwaka: tukitaka kuongeza nguvu, tumwalike nani?

Kwa msomaji ambaye mfumo huu ni mgeni kwake, jambo la kwanza kulielewa ni kwamba huko hakuna kupanda wala kushuka daraja kwa matokeo ya uwanjani. Timu inaweza kushinda mechi zote kwa miaka mitatu mfululizo na bado ikabaki pale pale ilipo. Ligi ni chama cha vyuo: vinapangiana mechi, vinauza haki za matangazo kwa pamoja, kisha vinagawana fedha. Njia pekee ya kuingia kwenye ligi yenye fedha nyingi ni kualikwa na waliomo. Na anayealika hutaka kujua jambo moja, kwamba mgao wa kila mmoja hautapungua akija mgeni.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichokuwa kikiuza matangazo ya futiboli kwa niaba ya wote na kuweka kikomo cha mara ambazo timu ingeonekana kwenye televisheni. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ikasema huo ni ukiritimba. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye katika miaka ya 1930 aliichezea Colorado futiboli kwa sifa kubwa. White alihofia kwamba soko huria la matangazo lingeufanya mchezo wa vyuo uwe biashara kama biashara nyingine. Miaka 40 baadaye ni vigumu kusema alikosea.

Tangu hapo kipimo cha nani aalikwe kilichotamba zaidi ni ukubwa wa mji. Mfano wake maarufu ni Rutgers, chuo cha New Jersey, ambacho mwaka 1869 kilicheza na Princeton mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli ya vyuo. Ligi ya Big Ten, yenye asili yake katikati ya nchi, iliichukua Rutgers pamoja na Maryland mwaka 2014. Hakuna aliyeamini kwamba Rutgers ingetisha uwanjani. Kilichotakiwa ni kebo. Big Ten ilikuwa na kituo chake cha televisheni tangu 2007, na kikiingizwa kwenye vifurushi vya eneo la New York, kila kaya ilikilipia, iwe inaangalia futiboli au haiangalii. Kwa hesabu za mwaka ule uamuzi ulilipa. Lakini watu walipoanza kukata kebo na kuhamia kwenye intaneti, kaya isiyoangalia ikaacha kulipa, na hoja ya mji mkubwa ikapungua uzito. Rutgers haijatwaa ubingwa wa futiboli wa Big Ten hata mara moja.

Pac-12 yenyewe ilikuwa na jaribio lake, na mimi naliona kuwa somo bora kuliko yote kwa sababu lilifanyika kwa vyuo viwili kwa wakati mmoja. Juni 2010 ligi hiyo, wakati huo ikiwa na timu 10, ilimwalika Colorado. Colorado ilikuwa na jina, ilikuwa bingwa wa taifa wa 1990, na iko karibu na Denver, mji mkubwa wenye televisheni nyingi. Mpango ulikuwa kuivuta na Texas na wenzake hadi zifike timu 16. Texas ilipokataa, ligi ikahitaji wa 12 ili kukamilisha idadi, na wiki moja baada ya Colorado ikaigeukia Utah. Utah ilitoka kwenye ligi ndogo. Haikuwa na jina kubwa wala mji wa kulingana na Denver, ila ilikuwa imemaliza misimu ya 2004 na 2008 bila kufungwa, na ule wa pili ikaumaliza kwa kuichapa Alabama 31 kwa 17.

Tazama walivyofanya. Katika misimu 13 ndani ya Pac-12, Colorado ilimaliza ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo mara mbili tu, mwaka 2016 na ule msimu mfupi wa korona. Utah iliongoza kundi lake mwaka 2018 na 2019, kisha ikawa bingwa wa ligi 2021 na 2022. Aliyetafutwa kwa ajili ya mji wake akawa mzigo, na aliyeitwa kujaza nafasi akawa nguzo.

Hata hivyo Colorado ina sura nyingine, na haki inataka itajwe. Desemba 2022 ilimwajiri Deion Sanders kuwa kocha, nyota wa zamani anayejua kuvuta kamera. Mechi yake na Colorado State mwezi Septemba 2023, iliyomalizika baada ya saa nane usiku kwa saa za mashariki, ilitazamwa na watu milioni 9.3. Timu ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 4 na kufungwa 8, na bado televisheni ziliigombania. Lakini wale watu walikuja kumwona Sanders, na kocha huhama. Ligi inayosaini mkataba wa miaka saba kwa sababu ya mtu mmoja inanunua kitu ambacho muuzaji hana.

Kwa hiyo ningeuliza hivi kuhusu timu yoyote inayotaka kuingia: ikifungwa miaka mitano mfululizo, nani bado atakuja uwanjani? Nebraska ndiyo jibu lililo wazi zaidi. Jimbo zima lina takriban watu milioni mbili na hakuna mji wa kuwashtua wanunuzi wa matangazo. Ubingwa wake wa mwisho wa ligi ni wa 1999. Lakini uwanja wake wa Lincoln, unaoingiza zaidi ya watu 80,000, umeuza tiketi zote kwa kila mechi tangu Novemba 1962. Notre Dame nayo iko South Bend, Indiana, mji wa kawaida kabisa, na imekuwa na mkataba wake peke yake na NBC tangu 1991. Ligi zote zinaitamani, nayo kwa futiboli imekataa kujiunga na yoyote. Wanaoifuata ni Wakatoliki wa nchi nzima, kizazi baada ya kizazi, na watu wa namna hiyo hawapatikani kwa kuangalia ramani ya miji.

Swali la pili ni la ujirani. Futiboli ya vyuo imejengwa juu ya watani wa jadi. Oregon na Oregon State zimekuwa zikipambana tangu 1894, Washington na Washington State tangu 1900. Mechi hizo hujaa hata kama timu zote mbili zimeharibikiwa msimu, kwa sababu shabiki wa upande huu anafanya kazi ofisi moja na shabiki wa upande ule, na Jumatatu watakutana. Shabiki anayeweza kuendesha gari saa tatu akaifuata timu yake ugenini ni fedha za tiketi, za chakula na za malazi, na ndiye anayetoa ile kelele ambayo televisheni inainunua. Jambo hili linapuuzwa sana, nadhani kwa sababu haliingii kirahisi kwenye jedwali la mshauri wa biashara.

Pac-12 ilikuwa na watani wa kutosha. Kilichoiua ni biashara mbaya. Mwaka 2012 ilianzisha kituo chake cha televisheni na kukimiliki peke yake, wakati Big Ten ilishirikiana na Fox na ligi ya SEC baadaye ikashirikiana na ESPN. Bila mshirika mwenye nguvu kituo kile hakikuweza kuingia hata kwenye televisheni ya satelaiti ya DirecTV. Juni 30, 2022, USC na UCLA zikatangaza kuhamia Big Ten, na pamoja nao likaondoka soko la Los Angeles. Big Ten ikasaini mkataba wa miaka saba wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Ligi ya Big 12 nayo iliwahi sokoni mapema na kupata takriban dola milioni 31.7 kwa kila chuo kwa mwaka. Pac-12 ikasubiri, ikidhani bei itapanda, na mwishowe ikaletewa mkataba wa Apple uliotegemea idadi ya watu watakaojiandikisha kulipia. Mwishoni mwa Julai 2023 Colorado ikaondoka. Agosti 4 zikaondoka Oregon na Washington, kisha Arizona, Arizona State na Utah. Septemba 1 Stanford na Cal zikaenda ligi ya ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki.

Mahakama ya jimbo la Washington iliwapa wale wawili waliobaki mamlaka juu ya jina na mali ya ligi. Walikuwa na miaka miwili ya kufikisha wanachama wanane wanaocheza futiboli, idadi ya chini inayotakiwa na NCAA. Hapo ndipo swali la nani aalikwe lilipoacha kuwa la nadharia.

Septemba 2024 waliwachukua wanne kutoka ligi jirani ya Mountain West: Boise State, San Diego State, Fresno State na Colorado State. Utah State ikafuata baada ya siku chache. Gonzaga, yenye timu ya mpira wa kikapu iliyofika fainali ya taifa 2017 na 2021 lakini haina futiboli, ikaingia Oktoba. Nafasi ya mwisho ikajazwa na Texas State mwishoni mwa Juni 2025, siku moja kabla ada yake ya kuhama haijapanda mara mbili. Wote wanaanza Julai 1, 2026.

Boise State haina mjadala. Iliingia daraja la juu mwaka 1996 ikitokea Idaho, jimbo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka 1986 ilikuwa imeweka nyasi za bandia za buluu, jambo lililochekwa, na sasa mtu akiwasha televisheni anaitambua kwa sekunde moja. Januari 2007 iliishinda Oklahoma 43 kwa 42 katika mechi ambayo Wamarekani wanaisimulia mpaka leo. Msimu wa 2024 mkimbiaji wake Ashton Jeanty alikimbia yadi 2,601, akawa wa pili kwenye tuzo ya mchezaji bora, Heisman, na timu ikafika robo fainali ya mtoano wa taifa. Makocha wamepita wengi na haikuyumba. Huo ndio uzito ninaouzungumzia.

San Diego State ni mji na timu kwa pamoja. Timu ya kulipwa ya Chargers ilipohamia Los Angeles mwaka 2017, mji mzima ulibaki bila futiboli nyingine kubwa. Chuo kikajenga uwanja wa watu 35,000 uliofunguliwa 2022, na mwaka 2023 kikacheza fainali ya taifa ya mpira wa kikapu. Hofu yangu ni moja: hali ya hewa ya pale ni nzuri mno, na mtu wa San Diego ana mambo mengi ya kufanya Jumamosi. Mtu wa Fresno hana shida hiyo. Fresno State ni timu ya bonde la wakulima wa California, mashabiki wake wanatoka miji kadhaa ya bonde hilo, na ndiye mwanachama ambaye wachambuzi wengi wanamweka chini kuliko anavyostahili. Kati yake na Boise linagombewa kopo la maziwa. Kati yake na San Diego State linagombewa kopo la mafuta. Kuwachukua watatu hawa pamoja kulikuwa uamuzi wa akili, kwa sababu walikuja na uhasama wao.

Kuhusu Colorado State nina shaka. Ina uwanja mpya wa 2017 na iko karibu na Denver, na hiyo ndiyo hoja ile ile ya 2010. Haijawa bingwa wa ligi tangu 2002. Mbaya zaidi, imemwacha nyuma mtani wake wa zaidi ya karne moja, Wyoming, aliye kama saa moja tu kwa gari, ambaye wanagombea naye kiatu cha shaba. Wyoming ni jimbo lenye watu wachache kuliko yote nchini, kwa hiyo kwa kipimo cha televisheni haionekani. Kwa kipimo changu lilikuwa kosa.

Texas State ni mbegu. Iko San Marcos, kati ya Austin na San Antonio, ina wanafunzi kama 40,000 na imezungukwa na vijana wanaojua futiboli tangu utotoni. Lakini imo daraja la juu tangu 2012 tu, na iko mbali na kila mwenzake. Kusafiri kutoka San Marcos hadi Pullman ni safari ya siku nzima.

Waliokosekana wanasema mengi kuliko waliopatikana. Memphis, Tulane, South Florida na UTSA waliombwa wakakataa. Hesabu za safari na ada za kuhama hazikuwaingia. UNLV ya Las Vegas, iliyofika fainali ya Mountain West 2023 na 2024, ilibaki kwa kuahidiwa fungu kubwa la fedha ambazo ligi hiyo ilitarajia kuwatoza waliohama. Tulane iliyokataa ikafika mtoano wa taifa msimu wa 2025. Na hilo linatuleta kwenye kipimo kinachoihusu Pac-12 mpya kuliko ligi yoyote kubwa. Kwenye mtoano wa timu 12, nafasi tano ni za mabingwa wa ligi. Nne kwa kawaida huchukuliwa na ligi kubwa. Inayobaki huenda kwa bingwa aliye juu zaidi kwenye orodha ya ubora kati ya ligi nyingine zote. Bingwa wa Pac-12 hawezi kuipata kwa kuwafunga wanyonge. Anahitaji timu ya pili na ya tatu zenye nguvu ili ushindi wake uwe na maana. Kwa hiyo mwanachama wa tisa wa futiboli hapaswi kuwa mwenye mji mkubwa tu. Anapaswa kuwa anayeweza kumfunga Boise. Kwa ushahidi wa miaka hii na kwa ukaribu wake na California, huyo ni UNLV, na ningemfuata kabla ya yeyote wa mashariki.

Gharama ya haya yote haitazamwi Jumamosi. UCLA sasa inapeleka timu ya voliboli ya wanawake hadi Rutgers, karibu kilomita 4,000, na mabinti hao wana mtihani Jumatatu kama wanafunzi wengine. Tangu Juni 2025 mahakama imeruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inakwenda kwa wachezaji wa futiboli. Mwezi huo huo Washington State ilitangaza kufuta michezo ya kurusha na kuruka katika timu yake ya riadha, na kupunguza mbio fupi na viunzi. Mbio ndefu zimebaki. Chuo cha Rono kimeamua kushikilia kile ambacho Wakenya walikijengea jina, lakini kimefika hapo kwa kukatakata. Chuo cha El Paso, Texas, ambako Mtanzania Suleiman Nyambui alikuwa akisoma na kukimbia alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, nacho kinahamia Mountain West mwaka huu huu wa 2026, kikijaza pengo la waliokwenda Pac-12.

Kijana wa Iten au Mbulu anayeletewa barua ya ufadhili kutoka chuo cha Marekani huuliza kuhusu kocha, baridi na kozi. Aulize pia chuo hicho kiko ligi gani na mkataba wa matangazo wa ligi hiyo unaisha lini. Ule wa Pac-12 mpya na CBS unaisha 2031.